Ridhaa katika Sajili za Vyama: Nani Anapaswa Kuithibitisha?

Juni 2021, Wakenya wengi waliotumia jukwaa la eCitizen kukagua hali yao ya uanachama walipata majina yao katika sajili za vyama vya kisiasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Malalamiko yalifikishwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliyekuwa hajatimiza mwaka mmoja ofisini. Wengi walishuku kuwa nambari za vitambulisho vyao zilinakiliwa kutoka kwenye madaftari ya mawakala wa pesa kwa simu au ya wageni katika malango ya majengo.

Kishawishi cha kufanya hivyo kimo katika masharti ya usajili. Ili chama kisajiliwe kikamilifu, Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inakitaka kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, ambao ni wapigakura waliosajiliwa, katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti. Kwa kuwa kaunti ni 47, chama kinahitaji angalau majina 24,000 kutoka kaunti 24. Kunakili majina ni kazi nyepesi kuliko kuwashawishi watu.

Athari zake si ndogo. Ibara ya 85 ya Katiba inamtaka mgombea huru awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kilichosajiliwa kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Aliyeandikishwa bila kujua anaweza kuwekewa pingamizi na kulazimika kujitetea wakati wenzake wanafanya kampeni. Tangu marekebisho ya sheria ya vyama ya 2022, sajili ya wanachama ndiyo pia inayoamua nani apige kura katika mchujo wa moja kwa moja. Jina la mtu asiyejua kuwa ni mwanachama, na ambaye kwa hivyo hatafika kituoni, ni mwanya wa kura kupigwa na mwingine.

Kuhusu ridhaa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiachi shaka. Kifungu cha 32 kinaweka jukumu la kuthibitisha kwa anayekusanya data, na kinampa mhusika haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Kwa maneno mengine, chama ndicho kinachopaswa kuonyesha kwamba mwananchi alikubali. Mwananchi halazimiki kuthibitisha kwamba alikataa.

Yaliyotokea 2021 yalikuwa kinyume. Wengi walioshtuka waliishia kujiuzulu kutoka vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Hatua hiyo iliondoa jina, lakini pia ilifanana na kukiri kwamba uanachama ulikuwapo. Kujiuzulu na kufutiwa data iliyokusanywa isivyo halali ni mambo mawili tofauti, na sheria inatoa haki ya hilo la pili. Taratibu za vyama zingepaswa kuyatenganisha.

Hata aliyejiunga kwa hiari hakutoa ruhusa ya kila matumizi. Anayetoa nambari ya simu ili apate kadi ya chama hajakubali nambari hiyo igawiwe wawaniaji ili wamtumie ujumbe mfululizo msimu wa mchujo. Data hutumiwa kwa lengo lililotajwa wakati wa kuikusanya. Kwa sababu hiyo, kanuni za 2021 zinawalazimu wanaotafuta uungwaji mkono wa kisiasa miongoni mwa wapigakura kujisajili kwa Kamishna, hata wakiwa wadogo kiasi gani. Suala hili linapata uzito zaidi vyama vinapotumia teknolojia, kama UDA ilivyofanya Aprili 2024 ilipotumia vifaa vya kielektroniki katika uchaguzi wa mashinani katika baadhi ya kaunti. Kila mfumo wa aina hiyo huzua swali la nani anahifadhi rekodi baada ya matokeo kutangazwa, na kwa muda gani.

Mwananchi anayepata jina lake mahali asipolitarajia anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka ichunguze na kukamilisha suala hilo ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala inaweza kufikia shilingi milioni 5. Ni vyema kuhifadhi picha ya ukurasa unaoonyesha uanachama huo kabla ya kuomba jina liondolewe, kwa sababu baada ya hapo ushahidi huo huenda usionekane tena.