Chidya si Mwisho wa Dunia



Liko neno moja ambalo wageni walilitundika shingoni mwa nchi yetu ya kusini tangu siku walipoikanyaga. Neno lenyewe ni "mbali". Fungueni vitabu vya wasafiri wa Kizungu waliopita Lindi wakapanda Masasi na Newala, mtalikuta. Mitaa ya kanisa ya huko, Chidya ikiwamo, imeelezwa kama vituo vilivyotupwa porini, na mzungu mmoja mvumilivu amekaa katikati kama taa.

Sisi twauliza: mbali na nani?

Mtu wa Chidya akiamka asubuhi yuko kwao. Shamba lake li karibu, makaburi ya wazee wake yako karibu. Kilichokuwa mbali naye ni London na Berlin. Mgeni alipima kwa kamba ya kwao, kisha akatuachia sisi kipimo hicho.

Tena umbali huo ulikuwa wa ajabu. Mfanya biashara ya watumwa hakuuona. Misafara yake ilivuka Ruvuma na kushuka hadi Kilwa na Lindi. Mtoza kodi hakuuona. Mwaka 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipopigana Masasi, Chiwata na Newala, hawakuuona pia. Walitufikia vizuri sana, na mizigo yao ikapandishwa juu ya vichwa vya Waafrika. Basi tulikuwa karibu kwa kunyang'anywa, tukawa mbali kwa kuhudumiwa!

Tazameni walioachwa nje ya hadithi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya U.M.C.A. alifika Masasi. Jina lake latajwa kila mahali. Lakini alifuatana na Waafrika waliokombolewa utumwani, waliotoka naye Unguja. Ndio waliofyeka, ndio waliojenga, ndio waliobaki yeye aliporudi zake. Majina yao wangapi wayajua?

Na Padre Cecil Majaliwa je? Alikuwa Myao aliyetiwa utumwani utotoni, akasoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, Uingereza. Mwaka 1890 akawa padre wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Alitumika Chitangali, upande wa Newala, kuanzia 1886 hadi 1897. Kwa Mzungu kukaa huko kuliitwa ushujaa. Kwa Majaliwa kuliitwa kazi tu.

Akaja Karl Weule mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijapoa. Alikuwa na askari wa serikali ya Kijerumani, wapagazi, na mtambo wa kunasa sauti kwenye nta. Alistaajabia watu waliojenga juu ya uwanda wa Makonde ambako maji hayapo, wanawake wakishuka bondeni kuyateka. Lakini kitabu chake chenyewe kina jibu, kwa kuwa ameandika humo mapokeo ya Wamakonde kwamba mabonde ya mito yaliwaua watoto wao, na juu wakapona. Ongezeni na hili: Magwangwara walipoipiga Masasi mwaka 1882, pori zito la uwandani lilikuwa boma la mtu asiye na bunduki. Huo si ujinga. Hayo ni mashauri ya watu waliojua walichochagua, wakakilipia kwa mitungi kichwani.

Vitu alivyokusanya vilikwenda Leipzig. Vinyago vyetu havikuwa mbali mno kubebwa!

Wako watakaosema: misheni ilileta shule, na shule ya Chidya imesomesha vijana wengi. Ni kweli, wala hatukani. Wako watakaosema pia kuwa bila vitabu hivyo tungepoteza habari nyingi. Ni kweli vilevile. Kwa hiyo hatusemi vichomwe. Twasema visomwe na watu wenye macho, na kando yake viwekwe vyetu. Shahidi mmoja hamalizi kesi.

Hatari kubwa ni hii. Mkoloni aliondoka mwaka 1961, neno lake likabaki mezani. Mwananchi mwenzetu akipangiwa kazi kusini hununa, kana kwamba amehukumiwa kifungo. Barabara ikichelewa, jibu ni "kule ni mbali". Dawa zikikosekana, "kule ni mbali". Korosho za Newala na Masasi hufika ng'ambo ya bahari. Vipi dawa ishindwe kufika Masasi?

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, kila mtaa na kila shule iandike habari zake kutoka vinywani mwa wazee, kwa majina ya wapagazi, makatekista, waalimu na wanawake walioteka maji, kabla wazee hao hawajazikwa na habari zao. Pili, sauti na vitu vilivyochukuliwa vidaiwe kwa barua na kwa sheria, wala si kwa manung'uniko barazani. Tatu, kiongozi yeyote atakayetoa neno "mbali" kuwa udhuru, aulizwe palepale na mwanachama aliye karibu naye: mbali na nani, ndugu?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asimwambie mwenyeji kwamba nyumba yake iko mwisho wa dunia.