Spika Ndizo Bosi: Acheni Kununua Amplifaya ya Tyubu kwa Macho

Leo naweka kando habari za kuandika programu. Kuna ugonjwa umeingia mjini na lazima mtu auseme. Kijana ana spika zake nyumbani, nzuri tu, hazina shida. Anaona kwenye intaneti picha ya amplifaya ya tyubu, vile vioo vikiwaka gizani kama makaa, basi usingizi umekwisha. Anaweka akiba miezi na miezi, anaagiza, analipa ushuru. Ikishafika ndipo anauliza: je, itafaa spika zangu?

Hilo ni swali la kwanza, si la mwisho! Ni kama mteja anayenijia akiwa ameshanunua seva, kisha tukae chini tufikirie programu yake itafanya kazi gani.

Msimamo wangu ni huu. Ukiwa na spika tayari, wewe huchagui amplifaya. Spika ndizo zinazochagua. Na mtu anayekuuzia amplifaya ya tyubu bila kukuuliza una spika gani anakuuzia taa ya mezani.

Namba ya kwanza ni wepesi wa spika. Angalia nyuma ya spika au kwenye karatasi yake, utaona desibeli 84, 88, 95 na kadhalika. Maana yake ni kwamba ukiipa spika wati 1, mita 1 mbele yake utapata sauti ya kiwango hicho. Ukitaka desibeli 3 zaidi, unahitaji wati mara mbili. Ukitaka desibeli 10 zaidi, unahitaji wati mara kumi, na sikio litaona sauti imeongezeka kama mara mbili tu.

Chukua mfano wa spika mbili maarufu. LS3/5A ya BBC, iliyobuniwa miaka ya 1970, ina desibeli kama 83. Klipschorn ya Paul Klipsch wa Marekani, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1940, kiwanda kinaiandika 105. Tofauti ni desibeli 22, yaani wati zaidi ya mara 150! Zote mbili zina wapenzi wa kufa na kuzikana. Sasa niambie, "amplifaya bora ya tyubu" ni ipi hapo? Hakuna. Kuna inayofaa hii na inayofaa ile.

Tuje kwa 300B, tyubu ya Western Electric ya miaka ya 1930, ambayo watu huisifu kama ibada. Ikiwa moja kila upande hutoa wati kama 8. Kwenye spika ya desibeli 96, wati 8 zinakufikisha 105, safi kabisa. Kwenye spika ya desibeli 86, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, unaishia 95, na hicho ni kilele cha mwisho. Muziki una ngoma na tarumbeta zinazoruka ghafla juu ya sauti ya kawaida, kwa hiyo sauti ya kawaida itabidi ibaki chini sana. Kufika 105 na spika hizo unahitaji wati 80.

Hapo ndipo utasikia ule msemo: "wati za tyubu ni kubwa kuliko za transista." Jamani, wati ni wati. Ukweli ni kwamba tyubu ikizidiwa huvilainisha vilele vya sauti polepole, ilhali transista huvikata ghafla, kwa hiyo sikio halikasiriki haraka. Huko ni kuzidiwa kwa adabu, lakini bado ni kuzidiwa.

Namba ya pili ni omu. Tyubu hupenda volti nyingi na mkondo mdogo, spika ni kinyume chake. Ndiyo maana katikati kuna transfoma. EL34 mbili zinazosukumana huhitaji kuona mzigo wa kama omu 6,600, na spika yako ni 8. Transfoma ndiyo mkalimani, na ndiyo maana nyuma ya amplifaya kuna sehemu za kuunga waya za 4, 8 na 16. Lakini kumbuka ile 8 iliyoandikwa kwenye spika ni jina tu. Katika sauti fulani inaweza kushuka hadi 4 au chini zaidi.

Tena kuna ujanja hapa. Spika nyingi hupimwa kwa volti 2.83. Kwa omu 8 hiyo ni wati 1, lakini kwa omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 iliyoandikwa desibeli 87 kwa volti hizo, kwa wati 1 ni 84. Nani amewahi kuelezwa hivyo dukani?

Namba ya tatu mara nyingi haiandikwi kabisa: omu za ndani za amplifaya yenyewe. Za transista kwa kawaida ni ndogo mno. Amplifaya ya tyubu isiyo na mrejesho inaweza kuwa na 2 au zaidi. Piga hesabu: omu 2 za ndani, na spika inayopanda na kushuka kati ya 4 na 30. Utapata tofauti ya karibu desibeli 3 kati ya sehemu moja ya muziki na nyingine. Yaani umenunua ikwalaiza isiyo na vitufe, na aliyeipanga ni bahati nasibu! Mwenye spika hii atasema sauti ni tamu, mwenye spika ile atasema besi imevimba, na wote wawili wanasema kweli.

Mwaka 1985 fundi wa Marekani, Bob Carver, alikubali changamoto ya jarida la Stereophile. Aliirekebisha amplifaya yake ya transista hadi ikafanana na ya tyubu ya bei ghali, na wahariri wenyewe wakashindwa kuzitofautisha kwa masikio. Huo utamu unapimika, ndugu zangu. Si uchawi.

Najua jibu litakalokuja: "muziki si hesabu, sikiliza kwa masikio yako." Sawa, masikio ndiyo hakimu wa mwisho. Lakini tajiri wa London anaweza kuazima amplifaya tatu, asikilize wiki nzima, arudishe mbili. Wewe na mimi tunaagiza mara moja, tunalipia usafiri na ushuru, basi. Kudharau namba ni anasa ya mtu anayeweza kurudisha mzigo. Kwetu sisi, namba ndiyo majaribio pekee kabla ya kulipa.

Kwa sebule ya kawaida mimi ningesema hivi:

- Desibeli 86 kwenda chini: tafuta wati 50 au zaidi, yaani EL34 au KT88 nne. Au baki na transista yako, wala usione haya.
- 87 hadi 90: EL34 mbili kila upande, wati 30 hadi 40.
- 91 hadi 94: hata EL84 mbili kila upande, wati 12 hadi 15, zitatosha.
- 95 kwenda juu: karibu kwenye 300B, ufurahi.

Na umeme wetu ni volti 240, mizunguko 50. Ya Marekani ni 120 na 60, ya Japani ni volti 100. Kipunguza volti hakibadilishi mizunguko, na transfoma iliyotengenezewa 60 pekee itachemka kwa 50. Uliza kabla ya kulipa. Usiwashe amplifaya ya tyubu bila spika kuungwa, utaua transfoma. Wala usifungue kifuniko kwa udadisi, ndani kuna volti 400 na zaidi, na hubaki humo hata ukichomoa plagi.

Sichukii tyubu. Gitaa za Franco na TP OK Jazz zikipita kwenye tyubu zinazoendana na spika ni raha tupu. Ninachochukia ni kijana kumaliza akiba yake kwa sababu ya picha.

Mwenye kunipinga, uwanja wa maoni uko wazi. Ila njoo na namba tatu za spika na amplifaya yako, si picha ya vioo vinavyowaka.