Shukrani ya Mwanafunzi Isigeuzwe Deni

Kila matokeo ya mtihani wa KCSE yatangazwapo, shule za Kitale na Bungoma hujaa nyimbo na vigelegele. Mtahiniwa aliyefaulu huinuliwa mabegani, naye akiulizwa siri ya ufanisi wake humshukuru Mungu, wazazi na walimu. Hilo ni jambo jema. Lakini aliyepata gredi ya D hakuna amwulizaye, kana kwamba hana wa kumshukuru.

Naona hapo ndipo tunapokosea. Tumeifanya shukrani kuwa pambo la ushindi. Mzazi wa Trans Nzoia huuza mahindi ya msimu mzima ili Januari mwanawe arudi shuleni. Mwenzake wa Bungoma, aliyepanda miwa, mara nyingi ameyasubiri malipo ya kiwanda cha Nzoia kwa miezi mingi. Jasho hilo halipungui thamani kwa sababu mtoto alipata D.

Wanasaikolojia nao wana la kusema. Mwaka wa 1977 Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake huathiri bidii na ustahimilivu wake. Mwaka wa 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi wa chuo walioandika kila juma mambo ya kushukuru walikuwa na matumaini zaidi kuliko walioandika kero zao.

Kwa maoni yangu, kujiamini na kushukuru ni pacha. Mwanafunzi anayejiamini akielezwa hesabu na mwenzake hushukuru, kisha hujaribu nyingine peke yake. Asiyejiamini huuona msaada uo huo kuwa ushahidi wa udhaifu wake. Hunyamaza kwa aibu, nasi tukamwita mtovu wa fadhila. Isitoshe, tabia hutofautiana. Mchangamfu hushukuru kwa maneno mengi, ilhali mpole hushukuru kwa kufuta ubao bila kutumwa. Mwalimu asiipime shukrani kwa wingi wa maneno.

Kuna hatari nyingine. Mara kwa mara watoto wa maskini husimamishwa hadharani wamshukuru mwanasiasa aliyewakabidhi hundi ya basari. Fedha hizo ni kodi ya umma, wazazi wao wakiwemo! Shukrani ya kulazimishwa humfunza mtoto kujidunisha, na mwenye kujidunisha hathubutu kuinua mkono darasani.

Walimu wafanye nini basi? Wampe kila mwanafunzi, wa kwanza na wa mkia, nafasi ya kutaja msaada mmoja alioupata juma hilo na jinsi alivyoutumia. Nao wamtajie jambo moja alilolifanya vyema, bila kumvika kilemba cha ukoka. Mwanafunzi awezaye kusema, "Nilisaidiwa, nami nikaweza," atawashukuru wazazi na walimu wake hata gredi ikiwa ndogo, na kesho yake atakifungua kitabu tena.