Kilwa na Mnunuzi Mmoja

Mwezi Juni, ufuta ukishapigwa na kupepetwa, magunia huanza kuingia kwenye maghala ya vyama vya msingi, AMCOS kama kila mtu anavyoviita, kuanzia Kilwa na Mtama hadi Nachingwea na Liwale. Siku ya mnada wakulima hukaa kimya, macho yote mbele. Zamani kidogo wanunuzi walileta barua zikafunguliwa hadharani; siku hizi bei hupita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Husomwa kwa sauti: kampuni hii inataka tani kadhaa, kwa shilingi kadhaa kwa kilo. Kisha huja swali ambalo wote wamelifuata pale: tunauza au hatuuzi? Bei isiporidhisha, jibu hutoka kwa pamoja, "Hatuuzi!", na mnada huahirishwa.

Neno hilo lina nguvu pale tu mkulima anapojua kuna mnunuzi mwingine nyuma ya huyu wa leo.

Sehemu kubwa ya ufuta huo huishia China. Korosho ghafi za Lindi na Mtwara hupakiwa kwenda India na Vietnam kubanguliwa, na mbaazi zimezoea njia ya India tangu zamani. Kwa hiyo uhusiano wa Beijing na New Delhi, ambao magazetini huandikwa kana kwamba ni habari ya milima ya Himalaya peke yake, una makazi yake ndani ya ghala la Nachingwea. Mataifa hayo mawili huketi meza moja katika BRICS. Mwezi Juni 2020 askari wao walipigana katika bonde la Galwan, na India ikapoteza askari 20. Hawajaacha kukutana wala hawajaacha kuviziana.

Tanzania imeyakaribisha yote mawili. Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Beijing, na uhusiano na China ukapandishwa hadhi kuwa ubia wa kimkakati wa pande zote. Oktoba 2023 akawa New Delhi, na India nayo ikatangazwa kuwa mbia wa kimkakati. Kati ya mwisho wa Julai na Agosti 2024 majeshi ya China, Tanzania na Msumbiji yalifanya mazoezi ya pamoja, nchi kavu na baharini. Aprili 2025 ikawa zamu ya India: manowari zake zilitia nanga Dar es Salaam kwa mazoezi ya AIKEYME yaliyoandaliwa na Tanzania na India, yakihusisha nchi kadhaa za Afrika. Bahari ni ile ile, na haikupita hata miezi tisa katikati.

Wako wanaouliza Tanzania isimame upande gani. Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, na ushahidi uko umbali mfupi wa mashua kutoka Kilwa Masoko.

Anayevuka kwenda Kilwa Kisiwani hachukui muda kuona vigae vya kauri ya China mchangani, vya kijani kibichi na vya bluu na nyeupe, vidogo kama ukucha. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliyechimba hapo miaka ya 1960 alikuta vyombo vya China, vya Uajemi na shanga za kutoka India. Bakuli la China halikuhitaji merikebu ya China kufika Kilwa. Lilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa bandari za India na Ghuba, likaja na upepo wa kaskazi pamoja na nguo za Gujarati, na kusi ikirudi ikabeba dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Wageni walishindana na kushirikiana wapendavyo. Kilwa ilikaa katikati, ikatoza ushuru, ikagonga sarafu zake za shaba, ikajenga jumba la Husuni Kubwa na kuupanua Msikiti Mkuu.

Kilichouangusha mji huo si wingi wa wageni. Vasco da Gama alikuja mwaka 1502 akamlazimisha mtawala kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Julai 1505 kikosi cha Francisco de Almeida kiliuteka mji, kikaupora na kujenga ngome. Mwaka huo huo Wareno walijenga ngome nyingine Sofala, kwenye mdomo wa dhahabu yenyewe, wakitaka ipite kwao peke yao. Walipoiacha ngome ya Kilwa mwaka 1512, hawakuwa na haja nayo tena: biashara iliyoulisha mji ilikuwa imekatwa mzizi.

Kuna na mkataba wa Kilwa unaosemwa mara chache, labda kwa sababu unaumiza. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alikubaliana na Mfaransa Jean-Vincent Morice, kutoka kisiwa ambacho leo ni Morisi, kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, na Mzungu mwingine asinunue mpaka Morice atosheke. Sultani alitafuta mgeni wa kumkinga dhidi ya Oman, na waliolipa gharama ni watu waliotembezwa kwa minyororo kutoka bara. Kinga yenyewe haikupatikana. Haikupita hata miaka kumi kabla ya Waomani kurudi Kilwa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mbaazi. Agosti 2017 serikali ya India, ikiwalinda wakulima wake baada ya mavuno makubwa, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje. Kusini mwa Tanzania bei iliporomoka, na wapo walioona hasara hata ya kuvuna. Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ilikuwa imetia saini makubaliano ya mbaazi na India mwaka uliotangulia. Karatasi hiyo iliwaachia mlango wazi, ingawa haikuzuia bei kushuka. India haikuvunja ahadi yoyote kwa Lindi, kwa kuwa ahadi haikuwepo. Mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo alifunga duka. Soko lilifunguliwa tena mwaka 2021.

Ni kwa jicho hilo miradi mikubwa ya pwani hii inapaswa kutazamwa. Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, lilijengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na gesi ya Songo Songo huungana nalo Somanga Fungu. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo Rais Samia aliiwekea jiwe la msingi mwaka 2023, ni kazi ya Wachina pia. Hakuna ubaya hapo. Ubaya utaingia siku mjenzi, mkopeshaji na mnunuzi wa samaki watakapokuwa mtu mmoja. Chumba cha baridi, kiwanda cha barafu na leseni za meli vinatakiwa kubaki mikononi mwa Tanzania, ili jodari wa Kilwa awe na uwezo wa kungoja bei kama ufuta unavyongoja ghalani.

Gesi ya kina kirefu ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Nchi ina hazina inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57, na kiwanda cha kuigeuza kimiminika kimepangwa kujengwa Likong'o, karibu na mji wa Lindi, kwa makadirio ya dola bilioni 42. Equinor ya Norway na Shell wanaongoza, ExxonMobil ya Marekani imo, na Medco ya Indonesia iliingia mwaka 2019 kwa kuinunua kampuni ya Ophir. China na India ni miongoni mwa waagizaji wakubwa wa gesi kimiminika duniani, na kila mmoja angependa kumtangulia mwenzake. Makubaliano ya awali yalitiwa saini Juni 2022, na mazungumzo yamerefuka tangu hapo. Wanaojadiliana kwa niaba ya Tanzania wasione haya kugawa mauzo kwa wanunuzi kadhaa, na kutenga sehemu ya gesi kwa mbolea na umeme wa nyumbani, hata kama hilo litaongeza miezi mezani.

Likong'o wanasubiri. Baadhi yao walihamishwa, wakalipwa fidia ya mashamba yao, minazi na mikorosho ikahesabiwa mmoja mmoja.