Soksi kwa Baridi Yenye Maji



Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunaijua mvua, na maji tumezaliwa nayo. Baridi ndiyo tusiyoijua vizuri. Usiku wa Juni na Julai, tunapojifunika mablanketi na kulalamika, kipimajoto hapa Mwanza kwa kawaida hakishuki sana chini ya nyuzi 15. Ndiyo maana soksi kwetu ni sare ya shule au vazi la Jumapili. Tunaangalia rangi, tunauliza bei, tunalipa.

Sasa tuseme kijana wako wa sekondari amerudi nyumbani na karatasi ya safari. Wanafunzi watapanda Mlima Kilimanjaro. Katika orodha, kati ya tochi na chupa ya maji, pameandikwa "soksi jozi tano". Mama mwenye shughuli nyingi atachukua zile nyeupe za shule, atazifua vizuri, atazikunja na kuona kazi imekwisha. Mwezi huu ningependa tusimame kidogo kwenye neno hilo dogo la orodha, kwa sababu miguu ya mtoto inaweza kuumia kwa ajili yake.

Adui ni maji

Wengi hudhani kwamba soksi nene ndiyo soksi ya joto. Sivyo. Kinachotunza joto la mguu ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi za soksi. Soksi ikilowa, maji hukaa mahali pa ile hewa, na maji hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Soksi nene iliyoloa ni sawa na kumfunga mtoto kitambaa cha maji baridi miguuni na kumwambia atembee.

Tena mguu huweza kuharibika hata pasipo barafu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majira ya baridi ya mwaka 1914 kuingia 1915, maelfu ya askari wa Uingereza waliokuwa Ufaransa na Ubelgiji waliugua miguu kwa sababu ya kusimama siku nyingi katika mahandaki yenye tope na maji. Miguu ilikufa ganzi, ikavimba, na wengine walipoteza vidole. Dawa iliyosaidia zaidi ilikuwa ya kawaida kabisa: kila askari aliamriwa kukausha miguu yake, kuisugua kwa mafuta na kuvaa soksi kavu. Huko nyumbani kwao akina mama walikaa wakifuma soksi za sufu na kuwapelekea. Walijua kwamba jozi moja ya ziada ina maana kwa mtu aliye mbali.

Kilimanjaro nako mambo hayo mawili, maji na baridi, hukutana. Chini kuna msitu wenye mvua na utelezi. Anayepita njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,720, halafu Horombo, mita 3,720, halafu Kibo, mita 4,720. Kutoka Kibo watu huondoka karibu na usiku wa manane kuelekea Kilele cha Uhuru, mita 5,895, pale ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika na Mwenge mwezi wa Desemba 1961. Saa hizo baridi hushuka mbali chini ya nyuzi 0. Kijana aliyelowa miguu msituni siku ya kwanza, na asiwe na soksi kavu za kubadilisha, atapanda na unyevu ule mpaka kwenye baridi kali.

Pamba yetu na mahali pake

Hapa naomba tuelewane, maana pamba ni mali yetu. Imesomesha watoto wengi wa Usukumani, na shati la pamba katika jua la Magu au Kwimba halina mpinzani. Uzuri wake ni kwamba hunywa jasho na kupoza mwili. Lakini tabia hiyo hiyo ndiyo inayoleta taabu mlimani. Pamba hunywa maji, huyashika, haikauki upesi, na ikilowa hulala bapa kwenye ngozi bila kubakiza hewa. Ngozi hulainika, soksi hukunjamana, na kila hatua husugua mpaka malengelenge yatokee.

Sufu ya kondoo ni tofauti. Nyuzi zake zimejikunja kama nywele zetu, nazo hushika hewa hata zikiwa na unyevu. Sufu huweza kunywa unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajaanza kuhisi kwamba imelowa. Ile ya kondoo aina ya merino ni laini na haiwashi.

Nailoni na poliesta hukauka upesi na haziliki upesi, lakini peke yake hazina joto la sufu. Kwa hiyo soksi njema ya mlimani mara nyingi ni mchanganyiko: sehemu kubwa sufu, nailoni kidogo ya kuimarisha kisigino na vidole, na uzi wa kuvutika ili isiteremke.

Namna ya kuchagua sokoni

Soksi za namna hiyo mpya ni ghali na si kila duka linazo. Lakini katika mitumba, pale Mlango Mmoja na kwingineko, si ajabu kuzikuta zimechanganyika na nyingine. Nenda na muda wako, ukaangalie mambo haya:

1. Soma maandishi kama yapo. Sufu iwe ya kwanza katika orodha, na pamba isiwepo au iwe kidogo sana.

2. Ingiza mkono ndani. Kisigino na vidole viwe na nyuzi nzito zaidi. Mshono wa vidoleni uwe bapa, maana mshono ulioinuka ndio unaoanzisha kidonda.

3. Inyanyue kwenye mwanga. Palipopungua nyuzi pataonekana, nawe uiache.

4. Ivute, uone kama inarudi. Iliyolegea itateremka ndani ya kiatu na kukunjamana. Inayobana nayo haifai, kwani huzuia damu, na mguu usiopata damu hupoa hata ukivishwa nini.

5. Ifike juu ya shingo ya kiatu, ili ngozi isisuguane na kiatu.

Kama maandishi yamefutika, chomoa uzi mmoja ukifika nyumbani, uushike kwa kibano na kuuchoma juu ya sahani, mbali na watoto. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua. Nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Soksi ya mtumba imevaliwa na mtu usiyemjua, hivyo ifue kwanza kwa sabuni na uianike juani ikiwa imegeuzwa ndani nje. Ile ya pamba unaweza kuichemsha na kuipiga pasi dhidi ya fangasi. Ya sufu usiichemshe kamwe, wala usiisugue kwa nguvu. Itajikaza na kubaki saizi ya mtoto mchanga. Tumia maji vuguvugu, ikamue taratibu, na uianike imelala.

Namna ya kuzifunga

Usizitupe tu ndani ya begi. Jozi mbili au tatu ni za kutembelea, za kupokezana. Jozi moja nyembamba ya nailoni au poliesta huvaliwa ndani ya ile nene, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi badala ya soksi na ngozi. Akumbuke kujaribu kiatu akiwa amevaa zote mbili, kwa sababu kiatu kikibana faida yote imepotea. Jaketi na buti anaweza kukodi Moshi, lakini soksi ni afadhali aende na zake alizokwisha kuzijaribu.

Halafu jozi ya sufu iliyo nene kuliko zote ifunge peke yake katika mfuko wa nailoni usioingiza maji. Hiyo ni ya kulalia tu. Mwambie, na umwambie tena: hata zote nyingine zikilowa, hii haiguswi mchana. Kila jioni akaushe miguu katikati ya vidole, aipake mafuta kidogo, ndipo aivae. Na ikiwa miguu imekufa ganzi, asiiweke karibu na moto, kwa sababu mguu usiohisi utaungua bila yeye kujua. Aipashe joto polepole kwa mikono au ndani ya blanketi, na amwambie kiongozi wake mapema.

Nasi tulio hapa ziwani

Huenda nyumbani kwako hakuna anayekwenda Kilimanjaro. Lakini baba watoto anaweza kuwa mvuvi wa dagaa, anayekesha ziwani usiku wa giza, miguu ikiwa katika maji yaliyotuama mtumbwini. Ngozi iliyoloa usiku kucha hulainika, hupasuka, na fangasi hupata makao. Buti za mpira zenye nafasi, anazoweza kuzivua upesi akianguka majini, pamoja na soksi ya mchanganyiko wa sufu, zitamsaidia. Mtayarishie na jozi kavu ya kuvaa akishafika mwaloni. Ila asidanganyike kwamba soksi ni kinga ya kichocho. Wadudu wake hupenya ngozi iliyo ndani ya maji, na soksi iliyoloa haiwazuii. Buti isiyovuja ndiyo inayosaidia.

Mtoto wa shule naye, wakati wa masika, aende na kandambili njiani, viatu na soksi vikiwa ndani ya mfuko. Akifika ataosha miguu, ataikausha na kuvaa. Hapo soksi zake za pamba zinatosha kabisa.

Na bibi au babu mwenye kisukari usimsahau. Miguu yake huenda haihisi vizuri. Mchagulie soksi isiyobana na isiyo na mshono mgumu, tena ya rangi nyeupe, ili tone la damu au usaha lionekane mara. Kila jioni angalia nyayo zake, na ukiona kidonda kipya mpeleke hospitali bila kungoja.

Basi, mama, ile karatasi ya safari ikifika nyumbani kwako, usiishie kuhesabu jozi. Zishike mkononi moja moja, ujue kila moja imefumwa kwa nini, na ile ya kulalia uifunge mwenyewe.

Tukutane mwezi ujao.