Jembe Si Badala ya Kalamu

Ndugu wanachama, wako wasemao ya kwamba ajifunzaye ualimu yampasa jembe na usafi kwanza, vitabu baadaye. Hutaja shule ya Jeanes huko Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1925, baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924. Twakiri: huko mwalimu alikwenda pamoja na mkewe, akafanya kwanza kwa mikono yake lile atakalowaonyesha wanakijiji. Somo hilo ni jema mno, wala hatulipingi. Twapinga jingine. Hao waliolisifu jembe waliandika sifa zake kwa kalamu, nao wamekaa kitini! Mwalimu aliyepunjwa hesabu na lugha atamfaa nini mtoto wetu siku aletewapo karatasi ya deni atie sahihi? Chuo kimpe vyote viwili, wala cheti chake kisipimwe kwa matuta ya mboga.