NENO TUNALOITWA KILA SIKU



Watu wengi wanafikiri kwamba lugha ni chombo tu, kama nyundo: unaishika, unapiga musumari, kisha unaiweka chini, na mukono wako unabaki ule ule. Sisi tunasema hapana. Tazameni mukono wa mutu aliyeshika nyundo miaka makumi mbili: umeota sugu. Kichwa nacho huota sugu kwa maneno kinayoyasikia kila siku.

Wenye elimu wamebishana sana juu ya jambo hili. Kule Marekani, Edward Sapir, aliyekufa mwaka 1939, na mwanafunzi wake Benjamin Lee Whorf, aliyekufa 1941, waliandika kwamba lugha inaongoza mawazo ya wale wanaoisema. Waliokuja nyuma yao wakaona kwamba lugha si gereza: mutu anaweza kufikiri jambo hata kama kwao halina neno. Lakini wakaona pia kwamba mazoea ya ulimi ni mazoea ya akili. Kule Australia kuna wenyeji wa asili ambao lugha yao ni Guugu Yimithirr. Wao hawakuzoea kusema kushoto na kuume. Husema mashariki, magaribi, kaskazini na kusini. Basi tangu utoto hujizoeza kujua kila saa uso wao unaelekea wapi.

Lakini hatuna haja ya kwenda mpaka Australia. Tutazame Katanga yetu.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Watu wa kabila nyingi waliletwa katika kambi zake, hata kutoka Rwanda na Burundi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Wazungu wakapewa vitabu vidogo vya kujifunza. Kiswahili chao kilikuwa kifupi sana: leta, beba, chimba, ngoja, upesi! Sasa fikirini vizuri. Mutu anayesema na mwenzake kwa amri tu, mwisho anaamini kwamba mwenzake hana neno la kujibu. Na yule anayepokea amri tu, mwisho anaogopa kuuliza. Ndani ya shimo, mutu anayeogopa kuuliza kama baruti zote zimekwisha kulia anaweza kuacha wajane nyuma yake.

Tena kulikuwa na neno boi. Kwa Kiingereza maana yake ni kijana mudogo mwanaume. Lakini aliyeitwa boi alikuwa pengine muzee mwenye mvi na wajukuu. Kwa Kifaransa alisemeshwa «tu», kama mutoto. «Vous» ilikuwa neno la heshima la Wazungu peke yao. Patrice Lumumba hakusahau jambo hili. Siku ya 30 Juni 1960, mbele ya mufalme Baudouin, alilitaja kati ya matukano tuliyoyavumilia. Wengine walishangaa: namna gani neno dogo vile kutajwa siku kubwa kama ile? Hawakufahamu. Babu zetu walifahamu. Kwa Kibemba mutu mukubwa husemeshwa kwa wingi, hata akiwa peke yake, na mutoto anayesema hivyo kila asubuhi anajifunza heshima bila fimbo.

Kuna neno lingine ambalo halikutoka kwa Muzungu, lakini limepotoka: kazi. Tumezoea kuita kazi ile tu yenye mushahara mwisho wa mwezi. Mama anaamuka usiku, analima muhogo, anachota maji, anauza sokoni, na bwana wake akiulizwa anajibu: «Muke wangu hana kazi.» Neno limemufunga macho. Na kwa kuwa haoni kazi ile, hawezi kuishukuru wala kuisaidia.

Lakini wandugu, tusilie tu. Lugha ile ya amri, watu wetu waliigeuza. Watoto waliozaliwa kambini waliinyonya pamoja na maziwa. Watu waliotoka pande mbalimbali, wasiosikilizana zamani, wakaweza kuulizana: wewe unalipwa ngapi? Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma pale Elisabethville, muji unaoitwa leo Lubumbashi, wakidai mushahara wa haki, na wengi wakapigwa risasi. Na mwaka 1965, watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu walitoa historia ya muji huo, iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili chao wenyewe. Wale walioitwa boi walikamata kalamu wakawaeleza mabwana wao walikuwa watu wa namna gani.

Basi kazi yetu leo ni ipi? Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kifaransa kimebaki lugha ya serikali. Vizuri, watoto wetu wakijue sana. Lakini mutu asitie kidole kwenye mukataba asioufahamu. Sendika zidai kwamba kila mukataba na kila sheria ya usalama wa shimo isomwe kwa Kiswahili, na mufanyakazi apewe nafasi ya kuuliza. Lugha ya kupokea amri iwe pia lugha ya kudai maelezo.

Na nyumbani mwetu je? Muzungu wa zamani amekwenda, lakini neno boi bado liko katika midomo yetu. Leo ni Mweusi anayemuita Mweusi mwenzake hivyo, mutu anayemupikia chakula na kulinda watoto wake. Anayo jina. Mumuulize, mumuite kwalo. Na akiwa mukubwa kwa miaka, mumuite baba ao mama.

Bendera hugeuzwa kwa siku moja. Ulimi hugeuzwa neno kwa neno, kila siku, na kila mutu ageuze wake.